Kukagua Nyumba ya Lamu Dhidi ya Ajali: Anza Darini, Teremka Hadi Kisimani

Orodha nyingi za usalama wa nyumba zimeandikiwa nyumba ya chini yenye gereji na bomba la zimamoto barabarani. Mtu wa Mkomani, Langoni au Shela kisiwani Lamu akizifuata, hukagua vitu asivyokuwa navyo na kuviruka vinavyoweza kumuua: jiko lililo darini (juu kabisa ya nyumba) chini ya makuti, ngazi ya mawe yenye mwinamo mkali, kisima kiwandani (uani), birika (hodhi la maji) chooni, chetezo cha kufukizia udi chumbani.

Kosa la pili ni mwendo wenyewe. Wengi huanzia mlango wa mbele wakapanda juu, na wakifika darini wamechoka. Fanya kinyume chake. Hatari nyingi za nyumba ya ghorofa huteremka: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, maji hupenya kwenda chini, uzito wa tangi hubebwa na boriti za chini yake, na mtoto huanguka kutoka juu. Ukianza darini utaona chanzo kwanza, kisha utakutana na madhara yake njiani.

Nyumba za Malindi zenye paa la makuti zinaweza kufuata hatua hizi hizi. Ruka tu ambacho huna.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tochi yenye mwanga mkali
- Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, na testa ya stima
- Futi ya kupimia
- Sabuni ya maji, kikombe, na brashi ndogo ya rangi
- Mpira mpya wa gesi wa mita 1.5 na klipu 2 za chuma kisichoshika kutu
- Ndoo 4: 2 za mchanga mkavu, 2 za maji
- Kamba nene ya kushikia ngazini, milimita 25 hivi
- Rangi nyeupe ya mafuta, nusu lita
- Kufuli 2
- Chaki

Chaki ndiyo daftari lako. Kila kasoro utakayoiona, ichore alama ya X pale pale ilipo. Alama haifutwi mpaka kasoro itengenezwe. Orodha ya karatasi hufungiwa kwenye mtoto wa meza ikasahauliwa. X iliyo ukutani huulizwa na kila mgeni.

Tenga asubuhi nzima, na nusu saa nyingine usiku baada ya isha.

## Hatua ya 1: Jiko la darini na paa la makuti

Hapa usiharakishe. Makuti makavu yakishika moto, dakika chache zinatosha kuupeleka paa la jirani, na gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoro vya Mji wa Kale. Msaada wa kwanza ni maji na mchanga ulio nao hapo hapo juu.

Simama pale jiko lilipo, tazama juu. Kama kuna makuti moja kwa moja juu ya moto, hamisha jiko hadi sehemu iliyo wazi au yenye dari ya zege. Ikiwa haliwezi kuhama, fundi afunge bati juu yake, liachane na makuti kwa sentimita 10 ili hewa ipite katikati. Bati lililogusana na makuti hupata joto na kuyakausha zaidi. Limekuwa mapambo tu.

Jiko la makaa liwashiwe upande ambao upepo unatoka makuti kwenda nje. Cheche huruka zaidi wakati wa kuwasha na kupepea, siyo wakati wa kupika. Kusi na kaskazi huvuma pande tofauti, kwa hivyo mahali palipokuwa salama Julai huenda pasiwe salama Januari. Usimimine mafuta ya taa juu ya makaa ambayo yameanza kushika. Mvuke wake hulipuka kuelekea mkono unaomimina.

Majivu yatiwe kwenye debe la chuma lenye kifuniko. Kaa lililofunikwa na majivu huweza kubaki hai mpaka kesho yake. Gunia au ndoo ya plastiki iliyoachwa pembeni ya nguzo ya makuti ni moto uliocheleweshwa.

Fuata waya za taa. Waya iliyosukwa katikati ya makuti bila paipu hutafunwa na panya. Kila waya ipite ndani ya paipu, na balbu ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye makuti. Balbu za LED zina joto dogo. Za zamani za waya zitoe.

Panga ndoo nne karibu na ngazi, siyo karibu na jiko. Jiko likiwaka hutaweza kulifikia. Ukiweza, ongeza kizimamoto cha poda cha kilo 2 na uangalie mshale wake uko kwenye kijani. Weka pia mti mrefu wenye ndoana ya chuma: makuti yakianza kushika kipande kidogo, kukivuta chini na kukizima ni haraka kuliko kukirushia maji juu.

Mafuta ya kukaangia yakiwaka kwenye karai, zima moto wa chini, funika kwa kifuniko au sinia, na uache mpaka yapoe kabisa. Maji hayatumiki hapo. Huzama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye paa.

Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, samli na yai hufungia joto ndani ya ngozi na kumpa kazi daktari ya kuviondoa.

*Umefaulu ikiwa:* ukisimama jikoni huoni jani kavu juu ya moto, na unazifikia ndoo bila kupita mbele ya jiko.

## Hatua ya 2: Mtungi wa gesi

Mtungi wa kilo 6 au 13 usimame wima. Ukilazwa, gesi iliyo katika hali ya maji huingia kwenye regileta na moto hutoka kama ulimi mrefu.

1. Zima vichomeo vyote, kisha fungua vali ya mtungi.
2. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji na kikombe cha maji.
3. Paka kwa brashi kwenye vali, kwenye regileta, kwenye klipu mbili, na urefu wote wa mpira.
4. Subiri dakika 1 ukitazama. Mapovu yanayokua ni gesi inayotoka. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama fundi fulani hufanya hivyo.
5. Kunja mpira kidole kwa kidole. Ukiona nyufa ndogo, au umekuwa mgumu, au tarehe iliyochapwa juu yake imepita, badilisha leo.

Hewa ya chumvi hula klipu za bei ya chini kabla ya mpira wenyewe kuchakaa. Klipu yenye kutu hulegea bila kuonekana. Na waya iliyozungushwa kwa koleo si klipu: hubana sehemu mbili tu za mpira na kuukata.

Mpira usipite nyuma ya jiko wala chini yake. Urefu wa mita 1.5 unatosha, mrefu zaidi hujikunja na kukanyagwa.

Sasa jambo linalosahaulika. Gesi ikivuja darini hufuata ngazi kwenda chini kama maji yaliyomwagika, na hutuama kwenye vyumba ambavyo havina dirisha la upande wa pili. Kwa hivyo harufu ikisikika ghorofa ya chini, chanzo huenda kiko juu. Funga vali, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Usiwashe wala usizime swichi yoyote, pamoja na feni. Cheche ya kuzima inatosha. Simu ipigwe ukiwa kichochoroni.

*Umefaulu ikiwa:* hakuna povu hata moja linalokua, na kila mkubwa wa nyumba anajua vali inafungwa kwa kuzungushia upande gani. Rudia jaribio la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

## Hatua ya 3: Tangi la maji na boriti zilizo chini yake

Tangi la lita 1000 likijaa lina tani nzima ya maji. Wajenzi wa zamani walipanga upana wa vyumba kwa urefu wa boriti ya mkoko, na boriti hizo tayari zinabeba mawe na chokaa nzito ya dari. Hawakuweka hesabu ya tangi la plastiki.

Tangi likae juu ya ukuta, hasa pale kuta mbili zinapokutana, kamwe si katikati ya chumba. Ukiwa na shaka, badilisha la lita 1000 kwa mawili ya lita 500 yaliyotenganishwa, kila moja juu ya ukuta wake.

Teremka chumba kilicho chini ya tangi na uwashe tochi. Tazama mwisho wa kila boriti pale inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo unyevu hukaa. Dunga kwa bisibisi ya bapa. Mti mzima hukataa; uliooza hupokea ncha kama mkate. Tafuta pia vijia vya udongo vya mchwa, unga chini ya boriti, na boriti iliyoning'inia kuliko zilizo jirani yake.

Vipande vya chokaa vikianguka kutoka juu, ondoa vitanda chini yake kwanza, halafu ndipo utafute fundi. Na usikubali kuzibiwa dari kwa tabaka jingine la saruji. Saruji huongeza uzito na kuufungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe na vichwa vya boriti, kwa hivyo uvujaji huonekana umekwisha huku mti ukiendelea kuoza. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kubadilisha boriti au kuvunja ukuta kunahitaji kupitia kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni usumbufu, nakubali, lakini pia ni njia ya kuwapata mafundi wanaoijua kazi ya mawe na boriti.

*Umefaulu ikiwa:* hakuna boriti inayopokea bisibisi, na tangi halina chumba tupu chini ya kitovu chake.

## Hatua ya 4: Stima

Anzia meni swichi. Tafuta kifaa chenye kitufe kidogo, mara nyingi kimeandikwa T. Kibonyeze: umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, au kama kitufe hakipo kabisa, mwite fundi wa stima mwenye leseni akufungie cha miliampea 30. Hicho ndicho humwokoa mtu aliyeshika waya. Fyuzi huokoa waya. Kibonyeze kila mwezi.

Kisha jaribio la mkono. Washa birika la umeme au pasi kwa dakika 5, zima, chomoa plagi na uguse pini zake kwa uangalifu. Uvuguvugu si neno. Ikiwa zinachoma, au soketi ina doa la kahawia, mguso wa ndani umelegea. Chumvi ya bahari hugeuza shaba kuwa na kutu ya kijani, na kutu huzuia umeme hadi sehemu hiyo inapata joto. Soketi kama hiyo haitengenezwi; hubadilishwa, meni swichi ikiwa imezimwa.

Ekstensheni ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 240 inabeba wati 3120. Pasi ya wati 1200 na birika la wati 2200 ni wati 3400, tayari umevuka, na hujahesabu televisheni. Ekstensheni iliyobaki imeviringwa au kufunikwa na mkeka hupata joto hata chini ya kiwango hicho.

Fungua plagi za redio, feni na taa za mezani. Humo hutakiwa fyuzi ya ampea 3, lakini nyingi zina 13, kwa hivyo waya mwembamba utaungua kabla fyuzi haijakatika.

Hita ya kuogea ipewe jicho la pekee. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, na hita ya maji matamu huliwa haraka. Nunua ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ifungwe na waya wa ardhi. Ukihisi kitekenyo kwenye bomba, toka, zima meni swichi, na usioge hapo mpaka fundi apime. Kuvaa ndara za plastiki si tiba.

Stima ikipotea au tokeni zikiisha katikati ya kupiga pasi, chomoa pasi kabla hujatafuta mshumaa. Umeme hurudi usiku wa manane, na pasi iko juu ya kitambaa.

## Hatua ya 5: Ukingo na ngazi

Pima ukingo wa darini. Ukiwa chini ya mita 1.1, inua. Nafasi kati ya nguzo isizidi sentimita 10. Mtoto mdogo hupenya palipo zaidi ya hapo. Ondoa viti, masanduku na mitungi iliyopangwa kando ya ukingo, maana mtoto huvigeuza ngazi. Wanaorusha tiara wakirudi nyuma macho yakiwa angani hawaoni mwisho wa dari, basi mchezo huo uende ufukweni.

Ngazi za mawe za zamani zina vidato visivyolingana. Mguu huzoea kimo cha vidato vitatu vya kwanza kisha hukosea cha nne. Paka ukingo wa kila kidato mstari mweupe wa sentimita 3. Funga ile kamba nene ukutani kwenye ndoano za chuma, moja kila mita 1, kwa kimo cha nyonga, na uijaribu kwa kuivuta kwa uzito wako wote. Viatu, beseni na mkeka visiwe kwenye kidato chochote, hasa cha juu kabisa.

Juu na chini ya ngazi pawe na swichi. Kama waya haufiki, taa ndogo ya sola yenye kujiwasha mtu anapopita inatosha.

## Hatua ya 6: Chumba cha kulala na zidaka

Piga magoti na utambae chumba kizima. Utaona anachokiona mtoto wa miaka miwili: kidonge kilichobingirika chini ya kitanda, waya wa chaja, na kidaka (shubaka la ukutani) cha chini chenye dawa za bibi za presha.

Zidaka ni nzuri kwa sahani na Misahafu. Dawa, dawa ya panya, jiki na mafuta ya taa vitoke humo viende kwenye kabati lenye kufuli, juu ya mita 1.5. Hakuna kitu cha sumu kitakachotiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa siku moja. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe. Yakirudi huingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Kisiwani hapa ni Hospitali ya King Fahd.

Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina tundu dogo tu la hewa.

Chetezo kiwekwe juu ya sinia la chuma lenye mchanga, mbali na chandarua, na mtu abaki chumbani hadi makaa yafe. Nguo zikifukizwa, zisiachwe peke yake. Dawa ya mbu ya kuviringa ikae kwenye kisahani, umbali wa mita 1 kutoka kitandani. Mshumaa hauingii kabisa chumba chenye chandarua.

Mvua za kusi huwafanya watu waingize jiko la makaa ndani na kufunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja. Toa watu nje kwanza, kisha jiko.

## Hatua ya 7: Kisima na birika

Kisima kiwe na kifuniko kizito chenye kufuli, na funguo ikae kwa mtu mzima mmoja anayejulikana. Ubao mwembamba uliolegezwa na jua ni hatari kuliko uwazi, maana humwalika mtoto kuusimamia. Usiusimamie kuujaribu: ubonyeze kwa mkono ukiwa pembeni, na ubao ukilia au ukinesa, badilisha.

Ndoo au pampu ikitumbukia, asishuke mtu kuifuata. Hewa ya chini ya kisima inaweza kukosa oksijeni, na wa pili anayemfuata wa kwanza hufa naye. Tumia ndoana na kamba. Pampu ya petroli haishushwi kisimani wala kuwashwa kiwandani kilichozungukwa na kuta.

Birika la chooni lifunikwe kwa wavu wa mbao unaoruhusu kata kupita. Samaki wadogo wanaotiwa humo hula viluwiluwi vya mbu, hawamzuii mtoto. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache, kwa hivyo ndoo zisizotumika zigeuzwe juu chini.

## Hatua ya 8: Rudia usiku, stima imezimwa

Baada ya isha, waambie wote waingie vyumbani mwao, kisha zima meni swichi. Mwite kila mmoja atoke hadi barazani bila tochi.

Sikiliza miguu inagonga nini. Hicho ndicho kitakachomwangusha siku ya moshi. Tazama mlango mkuu: komeo linafunguka kwa mkono mmoja? Funguo ya kufuli ya ndani inaning'inia mahali pamoja siku zote? Madirisha yenye nondo yana angalau moja linalofunguka kwa ndani? Kutoka kitandani hadi nje kusizidi dakika 1. Mzee asiyeweza hivyo ahamie ghorofa ya chini.

Toka kichochoroni uangalie kama mkokoteni, mawe ya ujenzi au mchanga vimeziba njia. Kubaliana na majirani nani atapiga 999 au 112, na nani ataomba kipaza sauti cha msikiti kitumike.

## Lini kurudia

Fanya mzunguko mzima Novemba, kabla kaskazi haijakausha makuti, na Machi, kabla ya masika kuanza kupenya dari. Alama ya chaki ambayo haijafutwa baada ya wiki mbili iwekwe jina la mtu mmoja wa nyumba pembeni yake. Zilizo kwenye gesi, stima na kifuniko cha kisima hazingoji wiki mbili: hizo ni za siku hiyo hiyo.